Jini Aliyeingia Kwenye Matangazo ya Ndoa

Jumanne, 3 Agosti 1976

Barua kutoka Dar! Mhariri wa gazeti amefurahi, toleo la Julai limekwisha mitaani. Ila kuna jambo. Wasomaji wanamwandikia: huyu dada wa Shinyanga visa vyake anavitoa wapi? Anaota? Au ana jini kweli? Mhariri anataka nijibu kwa ukurasa mmoja, niuite "Ninakopata Visa Vyangu".

Nimecheka mpaka Bernadina wa mizani akachungulia. Nijibu nini – niseme kweli?

Kweli yenyewe ni hii, na naiandika hapa tu. Vitisho napata kwa mchumba wangu Ansgar. Kila akitoka Geita ana kisa kipya cha wachimbaji wa dhahabu. Wana mashimo yao, wenyewe huyaita maduara, na yapo yaliyoachwa siku nyingi ambamo mtu husikika akigonga mwamba na hakuna mtu. Basi nikachukua duara moja, nikamtia jini ndani, nikampa macho mazuri na sauti ya taratibu. Msichana muuza uji akampenda. Ndiyo "Mume wa Duarani" hiyo. Mhariri alitaka niandike "mimi", kama vile msichana ni mimi mwenyewe, eti inanoga zaidi. Wivu nakopa kwa wanawake wa jineri ya pamba ninakofanya kazi, wanao wa kutosha na kubaki. (Nachapa barua jineri, naandika majini. Mzaha huo wameshanichosha nao.)

Lakini maneno ya mapenzi! Hayo nayapata ukutani. Ukuta wa chumba changu haufiki kwenye bati. Upande wa pili ni chumba cha mwenye nyumba, Mzee Fikirini fundi cherehani, na mkewe Bi Mwaisha. Watu wa Pangani, wamezeekea hapa Shinyanga. Alasiri cherehani ikinyamaza, mzee huanza. Sauti ya chini, ya kubembeleza. "Kijaluba changu. Uko wapi kijaluba changu? Njoo basi. Mdomo umenikauka kwa ajili yako." Jamani! Na umri ule! Siku nyingine nilimsikia: "Kifungo hiki changu, usikitoe, niachie." Mfungwa wa mapenzi asiyetaka kufunguliwa! Nilimfunga jini wangu minyororo siku hiyo hiyo, nikalia nikiandika.

Kijaluba ni nini, sijui. Sisi Wasukuma hatunalo. Kumuuliza Bi Mwaisha – naanzaje? Ni neno la mahaba la pwani, basi. Jini wangu akitoka shimoni humwita msichana "kijaluba changu", na wasomaji wamelipenda kupita yote.

Ukurasa wa mhariri utasubiri. Jumapili tunatangazwa kanisani.

Jumapili, 8 Agosti

Tumetangazwa! Katekista Cornel alisoma kwa sauti ile ile ya kukumbusha michango. Ansgar mwana wa Apolinari, wa Ushirombo, fundi wa pampu za maji, mkazi wa Kalangalala, Geita. Na Melania binti Nkwabi, wa Ibadakuli. Tangazo la kwanza. Mwenye kujua kipingamizi aseme. Kule Ushirombo, parokia ya kina Ansgar, nako linasomwa hivyo hivyo. Yakiisha matatu bila neno, ndoa tarehe 28.

Wanawake wa jineri walipiga vigelegele mpaka Padre Clemens akainua mkono. Mama alilia kidogo – anasema ni viatu vinambana.

Nje, mama mmoja nisiyemfahamu alinishika mkono. Akauliza kwa upole: na yule mwingine, mmeagana vizuri? Nikajibu tumeagana, amenipa na baraka. Nikacheka. Yeye hakucheka. Watu wengine hawana utani kabisa.

Alhamisi, 12 Agosti

Ansgar alipita mchana, amefuata vipuri. Ananuka dizeli. Harufu ile naipenda, nifanyeje.

Nilimuuliza: umenikumbuka? Akafikiri. Akasema pampu kubwa ya Kalangalala ilikufa Jumatatu, ameifufua. Kwake hilo ni jibu! Nampenda mtu huyu mpaka najionea haya. Lakini, nitasema hapa, ningependa siku moja tu aniambie kitu. Hata kidogo. Hata kwa kukosea.

Gazeti hajasoma hata toleo moja. Tukishaoana, anasema, muda utapatikana. Akauliza kama huyo jini wangu anamzidi. Nikamwambia kwa maneno tu. Akatikisa kichwa. "Maneno mimi sina, Melania." Akasema kwa utulivu, kama mtu asemaye hana spana namba fulani.

Lakini visa anavyo. Wachimbaji wa kule, anasema, hawapigi mluzi ndani ya duara. Ukipiga mluzi unajibiwa, na anayejibu si mwenzako. Uwi! Nimeandika papo hapo kabla hajamaliza chai.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Nimevaa gauni la bluu alilonishonea Mzee Fikirini. Tangazo la pili likasomwa. Vigelegele. Nikajiona nimeshafika.

Hatujafika. Baada ya misa katekista Cornel aliniita pembeni, uso umejikunja. Dereva wa lori ameleta ujumbe wa Ushirombo asubuhi hii hii. Kuna kipingamizi.

Kipingamizi? Cha nani? Cha shangazi yake Ansgar, Mama Theopista, aliyemlea tangu anatambaa. Anasema mimi nina mume.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kumbe huko Ushirombo gazeti letu linasomwa kwenye darasa la kisomo! Wazee wakichoka na "ba be bi", mwalimu huwasomea "Mume wa Duarani" wapate kuchangamka. Shangazi amesikiliza matoleo yote. Na linasomeka "mimi", linasomeka "mume wangu". Jina la mwandishi liko pale juu, Melania Nkwabi, Shinyanga. Halafu Jumapili anasikia Melania Nkwabi wa Shinyanga anataka kuolewa na mwanawe. Mtu ufanyeje?

Katekista akafungua daftari la parokia, akaanza kuniuliza kwa adabu kabisa. Huyo mume ni jini wa maji au wa nchi kavu? Alitoa mahari? Na hili jina, Kijaluba, ni jina langu la huko?

Nikasema la huko wapi?

"Binti, ubatizo ulikupa Melania. Kijaluba kakupa nani? Apewaye jina jipya amekwisha kupokelewa."

Mungu anisamehe, nilicheka. Nilicheka nikashika meza. Katekista akarudi nyuma hatua, akaandika. Nikachungulia. Ameandika: "Anacheka."

Jumatatu, 16 Agosti

Leo sicheki sana.

Padre Clemens aliniita mwenyewe, kwa upole. Akaniambia jini si kipingamizi. Hana cheti cha ubatizo, hana parokia, Kanisa halimtambui. "Hilo nimelimaliza." Nikashusha pumzi.

"Lakini shangazi ameuliza swali la pili, na hilo siwezi kulimaliza mimi." Kama jini hayupo, msichana asiyeolewa amefundishwa na nani maneno yale? Maneno kama yale mtu hayatungi, anasema shangazi. Huyasikia. Sasa aliyeyasema ni nani, na msichana alikuwa amekaa wapi akiyasikia?

Shangazi huyu angekuwa polisi!

Basi nimebanwa pande zote. Nikisema jini yupo, nina mume. Nikisema hayupo, nina bwana. Kusuka au kunyoa.

Padre anasema angeweza kusoma tangazo la tatu akafunga mjadala, lakini ndoa inayoanza na shangazi amenuna ni nyumba isiyo na kizingiti. Kwa hiyo Jumamosi shangazi anakuja, Ansgar anakuja, na mimi nilete mtu wa kushuhudia maneno yale yametoka wapi. Tukielewana, tangazo la tatu litasomwa Jumapili. Tusipoelewana, halisomwi.

Shahidi! Shahidi wangu ni ukuta.

Jumatano, 18 Agosti

Bi Mwaisha kaniletea maandazi. Ya moto, yana iliki. "Msukuma wangu, harusi inakaribia na wewe unakonda? Utapotelea ndani ya gauni, mume wangu alaumiwe bure." Nikala matatu na kila moja likanikwama. Ninamwambiaje? Kwamba mimi mpangaji wake nategesha sikio kila alasiri? Kwamba mahaba yao, siri yao ya ndani, imesomwa mpaka Ushirombo na wazee wa kisomo? Siwezi. Bora nikose ndoa. – Hapana, ndoa siwezi kuikosa. – Lakini siwezi!

Ansgar ametuma neno kwa dereva. Neno zima ni hili: "Nimesikia. Nakuja Jumamosi."

Nimemuuliza dereva alisemaje, kwa uso gani? Dereva anasema alikuwa chini ya mashine, uso hakuuona.

Nimekuwa nikijidai sijali maneno yake kuwa machache. Leo nayahitaji. Je, kama ameamini? Kama anafikiri kuna mtu anakuja dirishani kwangu na kuniambia yale asiyoweza yeye? Hilo ndilo linaniuma. Jini, katekista, daftari, yote ni kichekesho. Hili silo.

Ijumaa, 20 Agosti

Siku gani hii! Ngoja niandike kwa mpangilio.

Nilirudi kazini, Bi Mwaisha amekaa kitandani kwangu. Gazeti mapajani. Hajui kusoma, lakini mji mzima unazungumza na masikio yake mazima. Shikamoo yangu hakuiitikia.

"Nisomee," akasema. "Pale jini anapotoka shimoni."

Nikasoma. "Kijaluba changu, uko wapi kijaluba changu. Njoo basi. Mdomo umenikauka kwa ajili yako."

Halafu, taratibu: "Melania. Fikirini amekwambia lini maneno haya?"

Mama yangu! Hilo sikuwa nimelifikiria! Nikapiga magoti pale pale, nikamwaga yote. Ukuta, alasiri, bati, kalamu. Kwamba anasema naye, si na mimi. Kwamba nayaiba yakipita juu. Kwamba naona haya mpaka kwenye kucha.

"Anasema na nani?"

"Na wewe, Bi Mwaisha."

Akanitazama. Akainuka, akatoka. Nikasikia sanduku linafunguliwa upande wa pili. Akarudi, akaniwekea kiganjani kikopo kidogo cha bati, kimechakaa, cha mviringo, kimebonyea ubavuni.

"Kijaluba hicho. Mwamkue."

Nikakifungua. Tambuu! Majani makavu, chokaa, vipande vya popoo. Daktari wa hospitali ya Kolandoto alimkataza mzee tambuu kwa ajili ya fizi zake, na Bi Mwaisha anakificha kikopo, leo kwenye unga, kesho kwenye mto. Na kila alasiri mzee anazunguka chumbani akikitafuta na kukibembeleza. Mdomo umemkauka kweli!

Na kifungo je? "Kifungo cha shati! Nilikuwa nakitoa nikishone kwingine, akanikatalia."

Minyororo yote ile. Machozi yote yale. Kifungo cha shati!

Tulicheka. Tulicheka mpaka upande wa pili cherehani ikanyamaza na mzee akauliza kuna nini. Tukazidi. Bi Mwaisha kanga ikamtoka kichwani. Halafu akajifuta macho, na akaendelea kujifuta wakati kicheko kimekwisha.

"Mimi ananiita 'wee mama'," akasema. "Tangu tumekuja bara. Kikopo ndicho kijaluba, mimi 'wee mama'."

Nikamshika mkono. Akasema kesho watakuja kwa Padre wote wawili, na kikopo chao. Watani hawaachani kwenye aibu, alisema, wanachekana kwanza halafu wanaokoana.

Ukurasa wa mhariri bado. Sasa nitamwandikia nini? Kwamba visa navitoa kwenye fizi za mzee?

Jumamosi, 21 Agosti

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya Padre. Wamenitoa. Mlango uko wazi, naona yote. Bi Mwaisha yuko pembeni yangu, ananiambia niache kutikisa mguu.

Tulianza vizuri. Mzee Fikirini kavaa kanzu na koti, kofia imenyooka. Njiani alimwambia mkewe, "Kijaluba, tangulia." Bi Mwaisha akajibu yeye si kikopo. Lakini alitangulia, na mwendo ulikuwa wa kidosho.

Mzee alitoa ushahidi akiwa amesimama. Akaonyesha kikopo. Akaambiwa aseme anavyosema alasiri. Akasema, bila haya hata kidogo, tena kwa madaha. Katekista akakipokea, akakinusa, akapiga chafya. Padre Clemens aligeukia dirishani na mabega yakawa yanamtikisika.

Shangazi Theopista ni mama mwembamba, rozari shingoni, amekaa ukingoni mwa kiti. Alisikiliza yote. Akasema: Padili, nimeridhika. Jini hakuna. Bwana hakuna. Nikataka kumrukia nimbusu.

Hakuwa amemaliza. Akanigeukia mimi, bila ukali. "Mwanangu, sina ugomvi na wewe. Una kichwa. Lakini mtu anayechukua kikopo cha tambuu akatengeneza mume wa namna ile, huyu wangu utamfanya nini? Huyu hana maneno. Tangu mtoto. Utaamka siku moja umwangalie, umwone kikopo."

Hakuna aliyecheka. Ameshika pale pale. Nilitaka kusema kwamba nampenda hivyo alivyo, na ni kweli, lakini mbele ya Padre mtu unaona haya, halafu nikakumbuka nilivyoandika hapa kwamba ningependa siku moja aseme kitu. Nikanyamaza. Nadhani Ansgar aliona nimenyamaza.

Padre akamuuliza yeye: wewe ndiye unayeoa, tangazo la tatu lisomwe au lisisomwe?

Ansgar alikuwa amekaa na kofia magotini. Akasema: "Sijaisoma hadithi yenyewe. Nipeni kwanza niisome."

Ndipo wakanitoa.

Sasa anasoma. Anasoma kama anavyofungua mashine, polepole, hakuna anachoruka. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Sioni uso. Katekista ameleta chai na hakuna anayeinywa.

Shangazi kachoka kusubiri. Amemwambia asome kwa sauti, na yeye asikie, maana toleo hili la Agosti halijafika kisomoni.

Anasoma kwa sauti! Ansgar wangu, mbele ya Padre! Sauti nzito, inakwama kwenye maneno marefu. Jini anatoka duarani. Msichana amesimama na sufuria ya uji. "Kijaluba changu. Siwezi kukaa bila wewe. Mdomo umenikauka kwa ajili yako."

Amegeuka mlangoni, ananiangalia. Muda mrefu. Sijui niweke wapi macho. Bi Mwaisha amenifinya.

Ameinamia tena gazeti. Anaendelea: "Nyumba ya Kalangalala nimeipaka chokaa. Bomba nimelivuta mpaka jikoni. Hutabeba ndoo. Asubuhi ukifungua maji yatatoka, hata siku nisiyokuwepo."

Hiyo sikuandika mimi.

Shangazi ameuliza: hilo nalo limo? "Limo, shangazi." Anadanganya kanisani! Padre Clemens amesimama nyuma ya bega lake, gazeti analiona vizuri. Amekohoa.

"Kumbe jini huyu ana akili," amesema shangazi, akasogeza kiti karibu. "Endelea, mwanangu."

Anaendelea. Amefungua jalada la nyuma. Hadithi ilikwisha kurasa mbili zilizopita. Hapo alipo ni tangazo la sabuni, na bado anasoma –